Ni Nani Aligusa Ampuli ya Batri

Gari ilizimika kwenye mupando wa barabara, ukishatoka Kalengera kurudi Goma. Ilikuwa saa sita ya muchana, lakini mvua ilikuwa imeleta giza kama jioni. Haikupiga kelele. Kwanza vifuta kioo vilichoka, vikapanda nusu ya kioo na kukaa pale. Halafu taa za mbele zikawa njano. Halafu bluu yote ya tablo, ile bluu niliyoifunga kwa mikono yangu, ikaanza kufifia mbele ya macho yangu: saa ya mwendo, saa ya mafuta, saa ya joto la motere. Motere ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Mama yangu alikuwa kwenye kiti cha mbele, blanketi kwenye magoti, mufuko wa mbegu ya maharagi katikati ya miguu. Akanitazama.

"Tumefika?"

"Hapana, mama."

"Sasa unasimamia nini? Batu banatupita."

Walikuwa wanatupita kweli. Barabara yote ilikuwa watu, magodoro kichwani, watoto mugongoni, mbuzi wanavutwa kwa kamba, wote wakipanda upande wa Goma. Nyuma yetu, upande wa Rutshuru, bombe zilikuwa zinaanguka. Hazikuwa karibu sana, lakini kila moja ilikuwa karibu kuliko ile iliyoitangulia. Nikageuza ufunguo. Ikalia tik. Nikageuza tena. Hata ile tik haikurudi. Mimi ni elektrisiye wa magari, kazi yangu ni hiyo tangu utoto, na nilikuwa nimekaa ndani ya gari iliyokufa umeme, na mama asiyeweza kutembea.

Siku tisa baadaye tulimuzika. Na siku ya kuondoa kilio mutu mumoja alisimama mbele ya familia yetu akasema mimi ndiye niliyemuua mama yangu, kwa zile ampuli, taa ndogo za tablo nilizozifunga. Dada yangu mukubwa aliamini. Tangu siku ile hanifungulii mulango. Ninaandika kwa sababu ya dada yangu. Huruma ya watu siitafuti, nilishaionja, haishibishi. Ninachotaka ni kimoja: mwenye kugusa ampuli ya batri aseme mbele yake kwamba aliigusa.

Nirudi nyuma kidogo, maana ukisikia hii ya mwisho tu utasema na wewe ni mimi.

Nilisoma hadi darasa la ine. Vita vya kwanza vilifunga shule yetu, vya pili vikalala ndani yake, na vilipotoka mabao yote ya kukalia yalikuwa yamepikiwa chakula. Nikaingia kwenye kazi ya waya huko Birere, mutaa wa Goma, kwa muzee mumoja aliyekuwa anatengeneza umeme wa magari chini ya bati tatu. Yule muzee alikuwa na mikono ya dhahabu na mudomo wa jiwe. Alikuonyesha kitu mara moja. Ukiuliza sababu, alikupiga na kipande cha waya kwenye vidole. Alinifundisha kufungua tablo bila kuvunja meno yake ya plastiki. Alinifundisha kujua waya kwa rangi na kwa harufu ya kuungua. Na kuhusu zile ampuli ndogo za nyuma ya tablo alinipa sheria moja: "Zote unaweza kubadilisha vile unataka. Ile nyekundu ya batri, hapana. Iache na ampuli yake ya zamani."

"Juu ya nini, muzee?"

Waya kwenye vidole.

Ndiyo shule niliyopata. Wa kwanza ninayemushitaki ni yeye, Mungu amurehemu, maana alikufa na ile sababu tumboni.

Kilima kilipotema moto ile mara ya kwanza, ile iliyopita katikati ya muji, bati tatu za muzee zilifunikwa, ziko chini ya jiwe jeusi hadi leo. Nyumba yetu vilevile. Mama alitoka na Biblia na sufuria, akaanguka juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, nyonga ikapasuka. Hakuna aliyeitengeneza vizuri. Tangu hapo alitembea upande kama kaa, baadaye hakutembea tena isipokuwa kutoka kitandani hadi kwenye jiko. Akasema Goma imemushinda, atarudi Kalengera kwenye shamba la baba yake. "Kule hakuna moto chini ya miguu," alisema. Ni kweli. Kule moto ulikuwa unakuja kwa barabara, na viatu vya mvua na bunduki.

Mara ya pili kilima kilipotema, sisi ndio tulikimbilia kwake. Muji mzima ulipoambiwa uhame, tulilala kwake watu kumi na mumoja, na kila asubuhi alitucheka: "Muliniambia huku ni porini. Karibuni porini!"

Tuliporudi Goma ndipo alikuja na mufuko wake yule patron, mwenye taksi, ambaye baadaye alinishitaki kilioni.

Jina lake silitaji. Ananijua, anajijua, na Birere yote inamujua. Alikuwa na taksi ine, za usukani wa kuume, na mimi ndiye nilikuwa ninazitengeneza. Akamwaga juu ya meza ya kibanda changu ampuli za LED, ndogo kama punje ya muhindi, za bluu.

"Tablo zote ine," akasema. "Nataka mutu akiingia ndani afikiri iko ndani ya ndege."

"Ulishaingia ndani ya ndege, patron?"

"Nilishaona mulango wake!" Akacheka, na mimi nikacheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Ilikuwa mutindo wa mwaka ule. Kila mwenye taksi alitaka rangi. Vijana waliipenda, mabibi harusi walichagua gari kwa rangi ya tablo, na ampuli za zamani zilikuwa zinakufa kila mwezi kwa vile barabara zetu zinavyotikisa. Ni kazi nzuri, siwezi kusema uongo, niliipenda. Unafungua visi vine, zile skurubu za kuishikilia, unavuta ule uso wote wa tablo kuja kwako, unachomoa soketi za nyuma, unaugeuza juu ya magoti kama mutoto unayetaka kumupaka mafuta. Ampuli ziko nyuma, kila moja ndani ya kikofia chake. Unazungusha robo, inatoka. Unatoa ampuli ya zamani, na kile kipira cha kijani kinachoipa rangi, unaweka LED.

Sasa, LED ina tabia yake. Ampuli ya zamani haijali, upande wowote utakaoiweka itawaka. LED ina upande wa plus na upande wa masi, yaani wa minus. Ukiigeuza, haiwaki na haipitishi kitu, imefunga mulango. Ndiyo maana unaweka moja, unatazama, isipowaka unaichomoa, unaigeuza, inawaka. Moja moja hivyo. Gari ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima.

Nilipomaliza, patron alikaa kwenye kiti, akageuza ufunguo bila kuwasha motere. Tablo ikajaa bluu. Akapiga mikono. Halafu akakunja uso.

"Na hii?"

Katikati ya ile bluu kulikuwa na kialama kimoja kinawaka, nyekundu yake imefifia kama chungwa, imechoka. Picha ya batri.

"Ile tunaiacha, patron. Iko na ampuli yake ya zamani."

"Juu ya nini?"

Haya. Swali lilelile nililopigiwa waya. Na mimi nilikuwa na jibu gani? Nikasema, "Haiguswi."

"Nani alisema?"

"Muzee aliyenifundisha."

"Muzee wako alijua LED? Wewe ni elektrisiye ao ni katekista? Haiguswi, haiguswi, unaniletea amri za Musa!"

Watu waliokuwa pale walicheka. Mama muuza maandazi alicheka, madereva walicheka, na elektrisiye mwenzangu wa ng'ambo ya njia, mwenye kibanda kama changu, alicheka kuwapita wote.

"Ulete huku, patron," akapaza sauti. "Huku hatuogopi ampuli!"

Patron akasukuma gari yake hadi ng'ambo. Mita kumi. Nikakaa juu ya bidoni yangu, lile dumu la mafuta, nikatazama. Yule mwenzangu alifungua visi vyangu ambavyo vilikuwa bado na joto la mikono yangu, akachomoa ampuli ya batri, akaweka LED. Kwa sababu zile LED zilikuwa zinalegea ndani ya vikofia, yeye alikuwa na desturi ya kuzikaza kwa chingamu iliyotafunwa. Niliona akitoa chingamu mudomoni. Akarudisha tablo. Patron akageuza ufunguo.

Bluu yote. Nyekundu nyingine zote. Picha ya batri, hakuna kitu. Giza.

"Haiwake," yule mwenzangu akasema, akanyosha mukono kufungua tena.

Patron akamushika mukono. "Acha vile. Taa ya hatari haiwake, maana yake hakuna hatari. Sasa njo gari nzima!"

Wakawasha motere, ikaitika, wakaondoka.

Na mimi niliona. Ninaandika hii kwa mukono wangu: niliona. Kila elektrisiye anajua kwamba ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha motere, ile taa lazima iwake kwanza, ndipo izimike motere ikishaanza. Ikikataa kuwaka kabisa, ni mbaya. Nilijua LED imewekwa kichwa chini. Sikujua italeta nini, nilifikiri ni taa tu imekufa, haitaweza kumuonya mutu. Lakini nilijua si sawa, na nilikaa juu ya bidoni nikasema moyoni: watakuja kuniomba. Ningevuka mita kumi. Sikuvuka. Walikuwa wamenicheka.

Ile gari ilitembea wiki nyingi Goma bila shida. Hapo ndipo nilidharau hata sheria ya muzee wangu. Nikasema labda alikuwa anaogopa bure.

Halafu waasi wakashuka tena. Ninasema waasi, wao wanajiita jina lingine, kila mara jina lingine, mimi nimeishi chini ya majina yao yote na kiatu ni kimoja. Walichukua vilima, wakachukua vijiji, na waaskari wetu waliokuwa wanaimba kwenye redio kwamba hawatarudi nyuma hata hatua moja, walirudi nyuma na magari yote, na nafasi ndani ya magari ilikuwa ya friji zao. Hao nao ninawaweka kwenye hesabu yangu. Asubuhi moja jirani wa mama akapiga simu: "Huku tuko nafunga mizigo. Mama yako amekaa mulangoni, anasema anangojea wewe."

Nikazunguka Birere yote. Hakuna gari iliyotaka kwenda kaskazini. Nikaenda kwa patron. Hilo sitamunyima: alinipa gari, ile ya kwanza, yenye ampuli ya batri isiyowaka. Dereva wake alikuwa ameshaiwasha uani, anakanyaga gazi vruum, vruum, kama ilivyokuwa desturi yake kila asubuhi, majirani walikuwa wanamutukana kwa ile kelele.

"Unaniendesha?" nikamuuliza.

"Mi? Kalengera? Leo?" Akashuka, akaniachia mulango wazi. "Grand, mi nko na batoto. Na wewe uko na mama. Kila mutu na yake."

Nikaendesha mwenyewe. Nilifika vizuri. Nikazima motere mbele ya nyumba ya mama kwa sababu mafuta yalikuwa kidogo. Yeye hakuwa tayari. Alitaka kufunga kuku, nikakataa kuku. Alitaka mbegu, nikakubali mbegu. Alitaka kufagia.

"Mama, banakuya!"

"Bakute nyumba chafu basi?"

Nikamubeba nikamuweka mbele. Mama watatu wa jirani wakaingia nyuma na vitoto vyao. Nikawasha gari. Niliiwasha polepole. Mimi ni mutu wa kuhurumia motere, sikanyagi gazi bure. Picha ya batri haikuwaka, kama kawaida yake. Na tukaingia katikati ya watu, mwendo wa muguu, hatua kwa hatua, mvua, taa za mbele zinawaka, vifuta kioo vinapiga, na moshi wa pumzi ya watu kumi ndani unafanya niwashe na upepo wa kioo. Saa moja hivyo. Halafu ule mupando.

Watu walisukuma. Wakimbizi, wenye mizigo kichwani, waliweka mizigo chini wakasukuma gari ya mutu wasiyemujua. Lakini gari isiyo na umeme hata kidogo haiwaki kwa kusukumwa, na kule ni kupanda. Mama watatu wakashuka wakaenda kwa miguu. Pikipiki zikasimama mbili, lakini mama hakuweza kupanua ile nyonga kukaa juu ya pikipiki, alilia hadi motari mwenye pikipiki akasema basi, mushushe. Nikamuweka mugongoni. Nilitembea naye, sijui umbali, mvua ikiingia kati ya kifua chake na mugongo wangu.

"Niweke chini," akasema. "Uende ulete batri."

"Nikuache hapa?"

"Mimi wananijua. Walishapita huku mara ngapi? Niweke chini, mutoto, unatetemeka."

Sikumuweka. Halafu kijana mumoja wa chukudu, lile baiskeli letu la mbao lisilo na pedali, alikuwa anasukuma magunia mawili ya mukaa. Akatutazama. Hakuuliza. Akafungua kamba, akamwaga mukaa wake wote kando ya barabara, akasema: "Mukalishe." Tukamufunga mama pale juu kama gunia, na yule kijana na mimi tukamusukuma hadi Kibumba, ambako baridi inauma hata wenye afya. Pale lori lilitupokea. Yule kijana hakupewa hata asante ya maana, lori liliondoka, nilikuwa nimeshika miguu ya mama. Na mwenye taksi ine anasema kwa watu kwamba ni yeye aliyejitolea.

Mama alifika Goma na kikohozi. Siku ya tatu kikawa homa. Dispanseri ikasema mapafu. Dada yangu alikuwa anamulisha uji na kijiko, mimi nilikuwa ninatembea uani, siwezi kukaa, hadi leo siwezi kukaa, hata hii ninaiandika nikisimama kila mara. Siku ya tisa alituacha asubuhi, uji ulikuwa bado na moshi.

Sasa kilio. Kwetu, siku ya kuondoa kilio familia yote inakaa, na muzee wa familia anauliza: kuna mutu aliye na neno juu ya marehemu? Ni siku ya kusema alikufa na nini, nani alimutunza, nani alimukosea. Mwenye neno analisema pale, na likishasemwa bila kupingwa, muzee anamwaga kinywaji kidogo chini, na mudomo unafungwa. Hakuna tena kurudia. Imeokoa familia nyingi, hii desturi, maana bila hiyo watu wangeshitakiana hadi wajukuu.

Patron alikuwa amekuja. Gari yake ilibaki kule mupandoni, waasi walikuwa wameshapita juu yake. Akasimama, shati nyeupe, marashi.

"Mi nilimupa gari nzima," akasema. "Nzima, inatembea kila siku. Mwenye kugusa umeme ya ile gari ni yeye. Yeye njo alifunga zile ampuli, yeye njo aliendesha. Ninaomba pole, lakini mukono iliua huyu mama si mukono ya waasi."

Dada yangu akageuka.

"Ni wewe ulifunga ampuli?"

"Ni mimi nilifunga."

"Zote?"

Ningesema: zote isipokuwa moja. Maneno matatu, kisha ningewaambia juu ya ng'ambo ya njia, juu ya chingamu, juu ya mukono ulioshikwa. Lakini nilikumbuka mimi juu ya bidoni, ninatazama na kunyamaza, nikabaki kutazama mikono yangu. Dada yangu akangoja. Muzee wa familia akangoja. Halafu akamwaga kinywaji chini. Neno la patron likabaki ndilo neno.

"Usikanyage kwangu," dada akaniambia kwenye mulango. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Sababu ya kutogusa ile ampuli niliijua baadaye. Kituku, kando ya ziwa, kuna muzee anayefunga upya nyuzi za alternateri, ile mashine inayojaza batri, za magari na za boti. Nilimupelekea kazi, nikamuuliza lile swali. Hakuwa na waya mukononi. Aliosha vidole, akasema: "Alternateri iko sawa pompe ya maji. Ukitaka ivute, lazima kwanza umwagie maji kidogo juu. Yale maji yanapitia kwa ile ampuli ya batri. Ampuli ya zamani inapitisha ya kutosha. LED inapitisha tone. LED iliyogeuzwa haipitishi kitu. Basi alternateri inalala, na gari inakula batri hadi iishe."

"Lakini ilitembea wiki nyingi, muzee."

"Dereva wake anakanyaga gazi nguvu asubuhi?"

"Kama mwenda wazimu."

"Ukiizungusha mbio sana inaweza kuamuka yenyewe. Ukiiwasha polepole, inalala."

Niliwasha polepole. Kwa kuhurumia motere. Nilikaa kando ya mitumbwi hadi yule muzee akaniuliza kama nina njaa.

Waasi walipoingia hata Goma yenyewe, barabara ya kaskazini ikafunguka, maana sasa ni wao pande zote mbili. Nikapanda pikipiki hadi mupandoni. Gari ipo, mifupa. Walichukua motere, matairi, viti, milango. Tablo hawakuichukua, nani anataka tablo? Niliifungua kwa visi vine vilevile. Zile ampuli zangu zote ziko safi. Ile ya batri iko kichwa chini, imekazwa na chingamu, na kwenye chingamu kuna alama ya jino.

Nikaenda nayo ng'ambo ya njia. Yule mwenzangu alipoiona hakucheka.

"Patron alisema acha vile," akasema. "Ulikuwa pale. Ulisikia."

"Njoo umwambie dada yangu."

"Ah, grand. Mi nakula kwake." Akainamia kazi yake. "Na wewe ulikuwa na mudomo siku ile. Uliweka wapi?"

Nikarudisha ampuli mufukoni, nikavuka njia.

Nikaenda kwa patron. Siku hizi ana gari mpya na marafiki wapya, wenye bunduki wanaingia uani kwake kunywa chai. Alinikaribisha vizuri, aliniletea kiti. Nikaweka ampuli juu ya meza. Hata hakuigusa.

"Kilio kilishaondolewa," akasema. "Muzee yenu alimwaga. Unataka kumurudisha mama yako juu ya meza?"

Ndiyo, patron. Nataka. Wewe hujali desturi zetu hata kidogo, umeishika hii moja kwa sababu inakufunika. Bombe si zako, kilima si chako, na hofu ya mwenzangu na ukimya wa muzee wangu si vyako. Mapafu ya mama yalijaa mvua ya Mungu. Yote hayo ninakuachia. Lakini mutu alinyosha mukono kutengeneza, ukaushika ule mukono, ukasema acha vile. Hilo ni lako, na umenivisha mimi mbele ya dada yangu.

Nimeongea na muzee wa familia. Amekubali familia ikae tena, jumapili baada ya misa, uani kwa dada. Amesema hajawahi kufanya hivyo na hatafanya tena. Dada hajakubali, lakini hajakataa. Nitasimama wa kwanza, niseme langu: niliona, nikanyamaza, ningevuka mita kumi. Anifukuze kwa hilo akitaka, hilo ni la kweli. Halafu ni zamu yako, na swali ni moja, hata mutoto anaweza kulijibu: ampuli ilipokataa kuwaka, nani alisema iachwe?

Uje mwenyewe. Usitume mutu.